Nililia kwenye kaburi la watu wengine: nilivyotafuta ukoo wa mama mkwe kule Mayo

Hiyo picha bado iko kwenye simu yangu. Mama mkwe ameinama, mkono mmoja kwenye jiwe la kaburi, mwingine kanishika mimi, mvua ya Mayo, kaunti ya magharibi mwa Ayalandi, ile ambayo hainyeshi vizuri na haikatiki inatulowesha, mume wangu kashika maua tuliyonunua kwenye kituo cha petroli kwa euro 12. Mama mkwe analia. Mimi pia nalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo, nilikuwa nimekumbuka kaburi la cucu, yaani bibi yangu, kule Murang'a ambalo sijalifikia tangu siku aliyozikwa. Sasa wale watu waliolala pale si wetu. Hawatuhusu hata kidogo. Tulikuja kujua usiku uleule, tayari tumeshatumia pesa ambazo nikizijumlisha naumwa na kichwa.

Naandika hii kwa sababu najua wako wengi walioolewa au walioa kwenye hizi familia za Kiayalandi huku Marekani na Uingereza, na siku moja mzee wa nyumba atasema anataka kujua kwao kabla hajafa, na kazi itakuangukia wewe kwa sababu unajua kompyuta.

Mimi naishi Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya tumejaa hadi unga na Royco hatusumbuki kutafuta. Kabla yetu walijaa Waayalandi, walikuja kuchimba mifereji na kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, mtaa wao ulikuwa unaitwa the Acre. Bibi yake mama mkwe, Bridget, alifika miaka ya 1880 akiwa msichana, akafanya kazi za nyumbani kwa matajiri, akaolewa, akazaa saba. Jina la ukoo sitalitaja, ila ni la kawaida sana Mayo, ukiliita sokoni wanageuka watu ishirini. Mama mkwe alichojua ni vitu vitatu tu: Bridget, Mayo, karibu na Swinford. Na alikuwa akisema bibi yake alichukia ng'ombe, kwamba alitoroka Ayalandi kuwakimbia ng'ombe.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Nilijiunga na moja ya hizi tovuti za kulipia kila mwezi, nikaandika jina, na dakika hiyo hiyo zikaanza kuja zile alama za kukwambia tumepata kitu. Wueh, utamu wake ni kama kamari. Kulikuwa na mti wa ukoo wa mtu nisiyemjua, una Bridget, baba James, kaunti ya Mayo, kazaliwa 1868, mwaka uleule ulioandikwa kwenye kaburi la Bridget hapa Lowell. Nikabonyeza kubali, kubali, kubali, kufikia saa saba usiku nilikuwa nimefika 1790 na kuna babu mwenye ngome. Sikujiuliza mkulima wa kukodi ekari sita Mayo angepata wapi ngome. Nikamlipa na mtafiti mmoja wa koo euro 350 athibitishe, akaniletea ripoti ya kurasa kumi na moja yenye nembo ya ukoo kwa rangi, na nikija kuiangalia leo naona alinakili mti uleule niliokuwa nimempelekea.

Tiketi tatu Julai 2022, dola 2,700. Gari la kukodi. Halafu mimi nina grinikadi lakini pasipoti yangu ni ya Kenya, na grinikadi haikuondolei viza ya Ayalandi, hilo mjue mapema. Euro 60 ya kuingia mara moja, na makaratasi ya benki na barua ya kazi na pasipoti yenyewe unaituma. Ukihisi utarudi omba ile ya kuingia mara nyingi, euro 100, mimi sikuomba nikaja kulipa mara mbili.

Basi tulikuwa tumepanga nyumba ya wageni kwa mama mmoja wa miaka sabini hivi, na jioni ile tumetoka makaburini macho mekundu akatupikia chai, akauliza nyie ni wa wapi. Mume wangu akamtajia parokia. Akasema hapana, parokia naijua, ni wa wapi hapo ndani? Tukatajia jina la ukoo. Akacheka kwa upole. Akasema hilo jina hapa ni nusu ya watu, kuna wa mlimani, kuna wale wekundu wa nywele, kuna wa mfua chuma, hawana undugu, nyie ni wa kina nani?

Mimi nikashtuka kwa sababu hilo swali nalijua. Ndilo swali la kwetu. Ukienda kijijini hakuna anayekuuliza jina, unaulizwa wewe ni wa nani, mbari (ukoo) gani, mlima upi. Nilikuwa nimefanya utafiti wa miezi saba bila kuuliza swali ambalo mzee yeyote wa Murang'a angeuliza kwanza.

Usiku mume wangu hakulala. Akafungua sensa ya Ayalandi ya 1901, hiyo iko bure kabisa kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa, hulipi hata senti, na kumbe hatukuwahi kuifungua kwa sababu tulijiambia Bridget wetu alikuwa ameshaondoka haimhusu. Akaandika parokia ile. Akaniamsha saa nane. Bridget wa ule mti, binti wa James wa kaburi lile, yuko hapo hapo Mayo usiku wa Machi 31, 1901, ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwa baba yake, ana watoto wanne. Mwaka 1911 bado yupo, watoto nane. Wa kwetu miaka hiyo hiyo yuko kwenye sensa ya Marekani hapa Lowell na watoto wake. Mtu mmoja hawezi kufua nguo Lowell na kukamua ng'ombe Mayo.

Kumwambia mama mkwe asubuhi ile ilikuwa kazi. Alikuwa na miaka 80. Alinyamaza, akapaka siagi mkate wake hadi mwisho wa ukingo, akasema, basi nimewalilia watu ambao huenda hawana wa kuwalilia. Tukarudi nyumbani siku tatu baadaye. Mume wangu naye alikuwa na lake, alikuwa anadhani atapata pasipoti ya Ayalandi kupitia Bridget. Haiwezekani, wanakubali mpaka bibi au babu aliyezaliwa kule, kwake Bridget ni mama wa bibi yake. Mama mkwe ndiye angeweza kujiandikisha, euro 278, na hata akifanya hivyo leo haimsaidii mwanawe ambaye alishazaliwa. Soma hayo masharti kabla hujaanza kuota.

Tulipoanza upya nikasema sasa tunaanzia Lowell, hatuvuki bahari hadi tumalize upande huu. Na hapa ndipo ilitokea kitu ambacho mpaka leo najisifu nacho. Nilikuwa nimeandika majina ya watoto saba wa Bridget kwenye karatasi, nikayaangalia tu, nikaona yananiambia kitu. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba ya baba, wa pili la baba ya mama, wa kwanza wa kike la mama ya baba, hiyo kila mtu anajua. Nikauliza mama mkwe, huko kwenu nao je? Akasema sijui. Nikasoma, kumbe Waayalandi wa zamani nao walikuwa na mpango karibu uleule, kijana wa kwanza baba ya baba, wa pili baba ya mama, ila binti wa kwanza kwao anaitwa mama ya mama, hapo ndio tunatofautiana. Si sheria, wengine hawakufuata. Lakini binti wa kwanza wa Bridget aliitwa Honora, kwa familia ni shangazi Nora, na kijana wa pili James. Kwa hivyo mama yake Bridget angekuwa Honora. Kwenye ule mti wa kunakili mama alikuwa Catherine. Ningeona hiyo mwaka mmoja mapema ningeokoa dola elfu kadhaa.

Tukaomba rekodi ya ndoa ya Bridget ya Massachusetts, 1889. Dola chache tu. Massachusetts walikuwa wanaandika majina ya wazazi wa pande zote, na pale pale, baba James, mama Honora, na jina la ukoo la huyo Honora kabla hajaolewa. Hiyo karatasi ilikuwa maili 25 kutoka nyumbani kwetu muda wote tulipokuwa tunapanda ndege.

Sasa upande wa Ayalandi, na hapa niwaeleze kwa nini ni ngumu. Juni 30, 1922, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la Four Courts pale Dublin lililipuka, na ofisi ya kumbukumbu za taifa ilikuwa humo ndani. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikawa majivu. Za 1861 na 1871 serikali ilishaziharibu zamani, za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hivyo sensa nzima ya kwanza unayoweza kuiona ni hiyo ya 1901, na kama mtu wako aliondoka kabla hapo, hayumo. Unabaki na vitabu vya kanisa, vizazi na vifo vya serikali ambavyo kwa Wakatoliki vinaanza Januari 1864, na vitabu vya ardhi. Vizazi na vifo vya zamani viko bure kwenye tovuti ya serikali, picha ya ukurasa wenyewe. Vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki, Maktaba ya Taifa iliviweka bure 2015, mpaka miaka ya 1880 hivi. Msimlipe mtu kabla hamjamaliza hivyo.

Nikatafuta vizazi wilaya ya Swinford. Wakina Bridget wenye baba James walikuwa watano wa jina lile la ukoo ndani ya miaka sita, nawaambia. Mmoja tu mama yake Honora, na jina la pili la Honora linalingana na la Massachusetts. Machi 1866. Kumbe kaburi letu Lowell lilikuwa linadanganya miaka miwili, na sensa ya hapa ya 1900 inadanganya minne, na sensa nyingine imemwita Delia, jina la kufupishia Bridget ambalo wasichana wengi walijipa wakifika Amerika. Mwaka wa kuzaliwa usiuamini kabisa, uache na miaka mitano kila upande.

Na pale kwenye cheti, kwenye safu ya mahali alipozaliwa, kuna neno moja la wino. Jina la taunlendi.

Hili neno lishikeni. Taunlendi (townland kwa Kiingereza) ni kipande kidogo cha ardhi chenye jina, kidogo kuliko sablokesheni ya kwetu, mara nyingi nyumba kumi tu au chini, na Ayalandi nzima ziko zaidi ya elfu sitini. Ukishaipata hiyo umefika, usipoipata unazunguka. Na majina yake yanasema kitu, Knock ni kilima, Kil mara nyingi ni kanisa, Bally ni boma, Derry ni msitu wa mialoni, kisha karani Mwingereza akaandika alivyosikia, kwa hivyo jina moja utalikuta limeandikwa namna nne. Juu yake kuna parokia, na hapa ndipo wengi hugonga ukuta, kuna parokia ya serikali na parokia ya Kikatoliki, majina yanaweza kufanana na mipaka isilingane. Taunlendi yetu iko parokia ya serikali moja na ubatizo ulifanyika parokia ya kanisa nyingine. Ndio maana mwanzo hatukuona kitu.

Kitabu cha ubatizo nilikisoma jioni nyingi sana. Ni picha za mikrofilamu, wino umefifia, padri ana haraka, na kwa Kilatini. Mume wangu alikuwa anaruka kila penye Jacobus akidhani ni Jacob. Mimi nikamwambia wee, hujui Waraka wa Yakobo kwenu unaitwa James? Mtu aliyekua na Biblia ya Kiswahili ana faida hapo, Jacobus ni Yakobo ni James, Joannes ni Yohana ni John. Gulielmus ndio ilinishinda, ni William. Honora anakuwa Honoria. Nikampata. Brigida, baba Jacobus, mama Honoria, wasimamizi wawili, na taunlendi ileile kando. Lakini ona maajabu: amebatizwa Machi 2 na serikali inasema alizaliwa Machi 20. Nilidhani nimekosea tena, moyo ukaenda chini. Kumbe ni kitu cha kawaida kabisa, kuchelewa kuandikisha mtoto kulikuwa na faini, kwa hivyo mzazi akifika kwa karani amechelewa anasogeza siku mbele. Ukiona mtoto wako amebatizwa kabla hajazaliwa usikate tamaa, mwamini padri.

Wale wasimamizi waangalieni sana, ni ndugu karibu kila mara. Mmoja alikuwa na jina la ukoo la Honora, na huyo ndiye alitupeleka kwa kijiji alichotoka mama, kwa sababu ndoa ilikuwa inafungwa kwa kina bibi harusi, mara nyingi siku za mwisho kabla ya Kwaresima. Ya kwao Februari 1863, parokia ya jirani.

Na James na Honora wakapatikana kwenye sensa, bado wako kwenye taunlendi ileile. 1901 James kasema ana miaka 58. 1911 kasema 74. Miaka kumi na sita ndani ya kumi! Sababu ni pensheni, sheria ilipita 1908 na malipo yakaanza Januari 1909 kwa wenye miaka 70, na hakuna mzee aliyekuwa na cheti kwa sababu walizaliwa kabla ya 1864, basi Ayalandi nzima ikazeeka ghafla. Nilimpenda huyo mzee hapo hapo. Lakini fomu ya 1911 iliuliza pia wanawake walioolewa wamezaa wangapi na wangapi wako hai. Honora: ndoa miaka 48, waliozaliwa 9, walio hai 6. Nyumbani yuko kijana mmoja. Nilikaa na huo mstari muda mrefu. Katika hao sita mmoja alikuwa Lowell, anapiga pasi shati za watu, na hakurudi tena.

DNA tulifanya, mama mkwe ndiye aliyetemea mate kwenye kichupa kwa sababu ndiye mkubwa, anzeni na mkubwa wenu maana akiondoka ameondoka nayo. Ikamleta mwanamke mmoja ambaye babu yake alitoka taunlendi hiyo hiyo. Hiyo ilinituliza, ila bila karatasi nisingejua ni undugu wa wapi.

Mei 2024 tukarudi wawili, mama mkwe nyonga yake ilikuwa imekataa. Safari hii tulipitia Dublin kwenye ofisi ya uthamini wa ardhi, wana vitabu vya kufuatilia nani alishika kila kipande cha ardhi tangu ule uthamini mkubwa wa Griffith wa 1847 hadi 1864. Kila mtu akifa jina linakatwa kwa wino wa rangi nyingine, mwekundu, buluu, kijani, la mrithi linaandikwa juu na mwaka kando. Uliza kama unaweza kuona kwa rangi, kopi nyeusi haisemi kitu. Tukaona James amekatwa 1917, kijana wake akaingia, kisha jina geni, jirani.

Kitu kimoja kuhusu kufika vijijini. Usifike ukaanza kuuliza shamba hili ni la nani na mpaka uko wapi. Hao watu walipigania ardhi, Land League, chama cha wakulima wa kukodi, ilianzia Mayo 1879, na mgeni kutoka Amerika anayeuliza mipaka anaonekana kaja kudai urithi, kama tu kwetu. Anza na wafu, ardhi itakuja yenyewe. Paroko usimvamie, piga simu kwanza, na acha kitu kidogo kwenye sanduku. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Vaa gamubuti.

Mzee wa jirani, miaka themanini na zaidi, alituelewa tulipotaja majina matatu kwa mfuatano, Bridget wa James wa Patrick. Akasema aah, kumbe ni wa pale, akachukua fimbo. Tukavuka mashamba mawili ya tope. Ni gofu, kuta nne za mawe hadi kiunoni, meko bado ina jiwe lake jeusi la moshi. Nikampigia mama mkwe kwa video, mtandao ukakata mara tatu, nikapanda juu ya ukuta ndio ukashika. Nikamwonyesha mlango. Nikamwonyesha meko. Akauliza, na paa? Mzee akainama kwenye simu akasema paa lilianguka miaka ya hamsini, baba yangu akaifanya zizi, walilala humu ng'ombe hadi juzi.

Mama mkwe akacheka mpaka tukadhani analia. Maskini bibi, akasema, kawakimbia hadi Lowell, na wao wakaingia chumbani kwake.